Salamu za Fremu 47

Kariakoo siku ya Jumapili ni kama nyumba ya harusi kesho yake. Maboksi matupu, kamba zilizokatwa, mifuko inayozungushwa na upepo, na mtu mmoja mmoja anayepita haraka utadhani kakosea njia. Mitaa ambayo jana huwezi kupita bila kukanyagwa, leo unasikia viatu vyako mwenyewe.

Inspekta Severa alikuwa kazini. Kituoni walisema ana moyo wa kazi, na yeye akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba chumbani kwake Upanga kulikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea nguo, na hakukuwa na mtu wa kumpigia simu kumuuliza mbona hajarudi. Jumapili ilimuuma kuliko siku zote, basi akaifanya siku ya kazi.

Leo alikuwa na sababu nyingine pia. Mahabusu alikaa mlinzi mmoja anaitwa Twaha, na kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kesi ya mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Ukishaingia huko, uwe na hatia usiwe nayo, utatoka na mvi.

"Faili limekamilika," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Ijumaa, akiligonga kwa kalamu. "Mzee Rogath kapigwa kichwani dukani kwake Jumapili jioni, mashine zake mpya za kushonea zimebebwa. Kabla ya hapo katuma meseji kwenye namba ya dharura ya walinzi. Mtandao wa simu umethibitisha: imetoka, imefika. Mlinzi yuko getini, pua na mdomo na duka, na hakwenda. Mlango haujavunjwa, kwa hiyo mzee alimfungulia mtu anayemjua. Anayemjua ni nani? Mlinzi. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua meseji ilisema nini."

"Simu ya marehemu imeibiwa. Mtandao umetupa saa tu, maneno hawana. Utajuaje?"

"Sijui, mkuu."

"Basi una mpaka Jumatatu asubuhi ya kuendelea kutojua."

Kwa hiyo Jumapili hiyo asubuhi Severa alimtoa Twaha mahabusu, wakakaa kwenye benchi la korido. Twaha alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mashavu yameingia ndani. Wiki moja ya mahabusu ilikuwa imemkata nusu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Siku ile jua linazama ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Msikitini hukwenda?"

"Niliswali palepale getini, kisha nikakaa. Simu ya kazi niliiweka mbele yangu, pembeni ya msala. Haikulia, afande. Ile simu ikilia hata maiti anashtuka, halafu inaandika namba ya fremu kwenye kioo. Haikulia wala haikuandika."

"Tumeikagua. Ilikuwa na chaji na ilikuwa imewashwa kutwa nzima. Hilo ndilo linalokumaliza, Twaha. Ingekuwa imezimwa ungekuwa mzembe. Imewashwa, unaonekana muuaji."

Twaha aliangalia mikono yake. "Najua."

"Wewe na marehemu mliwahi kugombana. Kuna watu wamesema."

"Mara moja. Kuna mkokoteni uliachwa mlangoni kwake, akasema mimi ndiye niliyeruhusu. Akaninunia, mimi nikamnunia. Halafu akaniletea ndizi mbivu, yakaisha."

"Jumapili alikuwa anafuata nini dukani? Nani ananunua spea ya cherehani siku hiyo?"

"Hakuna. Anatoka misa, anafungua, anakaa. Mkewe alishakufa, watoto wako mbali huko. Yeye ndani, mimi getini. Nilikuwa namsikia anakohoa, najua yupo." Akavuta miguu chini ya benchi. "Na yeye nadhani alikuwa ananisikia."

"Kama simu ingelia, ungefika baada ya muda gani?"

"Hujamaliza kusema bismillahi."

Severa akamrudisha ndani, akashika njia ya Kariakoo.

Fremu 47, duka la mzee Rogath, ilikuwa mwisho wa korido, geti la Twaha upande mmoja na mlango wa mizigo upande mwingine, ghorofa ya chini ya jengo refu ambalo kwa siku nyingine hujaa kelele mpaka kwenye ngazi. Husna, muuza vitenge wa fremu ya jirani, alikuwa ametoka Magomeni kuja kumfungulia. Ndugu wa marehemu walimwachia ufunguo, kwa maana hawakujua mtu mwingine wa kumwachia.

"Karibu, afande. Pole na Jumapili."

"Asante. Samahani kwa kukutoa nyumbani."

"Nyumbani naosha masufuria. Bora umenitoa."

Ndani kulinuka mafuta ya mashine. Sindano, mikanda na bobini za uzi vilipangwa kwa ukubwa kwenye visanduku. Severa aliangalia komeo, kisha bawaba, kisha komeo tena. Hakuna lililoguswa. Karibu na kaunta kulikuwa na stuli mbili zimeelekeana, na ya mgeni ilikuwa imewekewa kitambaa safi cha kukalia.

"Alimkaribisha," Severa alisema. "Mtu aliyekuja kumuua, alimkaribisha akae."

"Yule? Angemkaribisha hata mtu wa kodi."

"Kwa hiyo si lazima awe anamjua vizuri."

"Ukipiga hodi tu umeshaingia. Kumwacha mtu amesimama mlangoni kwake ilikuwa dhambi. Na salamu zake, afande, mpaka unasahau ulichofuata." Husna alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Siku moja waya wake ulishika moto. Akaja kwangu, akasimama hapo mlangoni, mikono nyuma. 'Habari za asubuhi, mwanangu Husna. Umeamkaje? Watoto wameamkaje? Samahani kwa usumbufu. Kwangu kunaungua.'"

Severa hakucheka. Aliliweka hilo kichwani, akaendelea.

"Alikuwa na mtu wa kumsaidia?"

"Fundi Zakayo. Alikuwa anawafungia wateja mashine. Mzee alimwachisha, sijui walikosana nini, yeye hasemi vibaya juu ya mtu. Lakini Zakayo alirudi kwao Tunduma kitambo. Mimi mwenyewe nilimchangia nauli, vijana wakamsindikiza stendi."

Huyo naye akatoka kwenye hesabu. Severa aligeuka kuondoka, ndipo akaona bango lililobandikwa juu ya swichi, kama yale yaliyobandikwa kwenye kila fremu ya jengo lile. UKIPATA TATIZO TUMA MESEJI YENYE NAMBA YA FREMU YAKO. Chini yake kulikuwa na namba ya dharura, na mzee alikuwa ameizungushia wino wa bluu ili aione bila miwani.

Ofisi ya kampuni ya ulinzi ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo, na mwenye mfumo wa dharura alikuwa dada mmoja wa makamo anaitwa Joyceline. Aliuandika mwenyewe, akaufunga mwenyewe, na kampuni nusu ni yake. Hakuwa na muda wa habari za leo.

"Afande, nilishawaambia wenzako. Mfumo unafanya kazi. Tatizo ni mtu."

"Nionyeshe."

Joyceline akachukua simu ya kazi iliyofanana na ya Twaha, akaiweka mezani. Kwa simu yake mwenyewe akaandika 47, akatuma kwenye namba ya dharura. Simu ya mezani ikapiga yowe mpaka glasi ikatikisika, na kwenye kioo yakatokea maandishi: FREMU 47.

"Kila Jumamosi tunajaribu. Haijawahi kukosa."

"Mnajaribu kwa kuandika nini?"

"Namba. 47, 12, yoyote."

"Namba tu?"

"Si ndiyo inayotakiwa?"

Severa akatoa simu yake. Alifikiria yule mzee amesimama kwa Husna, mikono nyuma, duka linaungua. Akaandika taratibu, kama mtu asiye na haraka: Habari za jioni. Samahani kwa usumbufu. Naomba mlinzi fremu 47. Akatuma.

Wakasubiri. Kutoka chini ilisikika sauti ya mtu mmoja akifagia.

"Mtandao unasumbua," Joyceline alisema.

Severa akaandika tena: 47 habari za jioni naomba mlinzi. Kabla hajaweka simu chini, ile ya mezani ikapiga yowe. FREMU 47. Akarudia ya kwanza, salamu mbele. Kimya. Akairudia tena. Kimya kilekile.

Joyceline alikuwa ameacha kuzungusha kiti.

"Nieleze," Severa alisema. "Kama unavyomweleza mama yako."

"Meseji ikiingia, kompyuta inaona maandishi. Hata 47 ni maandishi, nne na saba zimekaa pamoja kama a na b. Ili iitafute fremu, inabidi niiambie igeuze yale maandishi yawe namba kamili. Ni amri moja, fupi tu."

"Inageuzaje?"

"Inaanzia kushoto. Inaokota tarakimu mpaka ikutane na kitu ambacho si tarakimu, basi inasimama, inachukua ilichookota. '47 habari' inakuwa 47."

"Na 'habari 47'?"

Joyceline aliitazama simu ya mezani. "Inakutana na herufi mlangoni kabisa. Haijaokota kitu. Inatoa sifuri."

"Haisemi kwamba haijaelewa?"

"Kuna lugha za programu ambazo zingegoma. Zingesimamisha kila kitu, na mimi ningeliona kosa siku ileile. Hii niliyotumia ni pole. Haigombi na mtu. Inakupa sifuri, inaendelea na safari."

"Lugha gani hiyo isiyojua habari za jioni?"

Joyceline aligeukia kioo cha kompyuta.

"Na fremu sifuri haipo," Severa alisema.

"Haipo. Mwanzoni matangazo ya mitandao yalikuwa yanaingia humo, 'ndugu mteja' hivi na hivi, simu zinalia, walinzi wanakimbia korido nzima bure. Wakalalamika. Nikaandika: ikija sifuri, usipige kengele." Alijifuta midomo kwa kiganja. "Mimi nilifikiria mtu aliyeshtuka. Mtu aliyeshtuka anaandika namba tu, afande. Nani anasalimia huku anaibiwa?"

"Mtu aliyelelewa."

Chini, yule mfagiaji alikuwa ameshamaliza.

"Zinakwenda wapi hizo sifuri?" Severa aliuliza.

"Hazifutwi. Zinawekwa pembeni, na maneno yake."

"Umewahi kuziangalia?"

"Za nini? Ni matangazo."

"Zifungue."

Yalikuwepo matangazo, kweli, mengi. Katikati yake walikuwepo watu. Asalam aleikum, fremu 31, tunasikia harufu ya moshi. Hodi walinzi, naomba msaada, lifti imekwama na mama mjamzito. Shikamooni, samahani, fremu 12 kuna mtu halipi na anataka kunipiga. Joyceline alisoma, akasogeza, akasoma, na kila alipofika kwenye salamu kidole chake kilisita.

"Tafuta namba ya mzee Rogath."

Zikatokea nyingi. Hazikuwa za siku ya tukio peke yake. Zilikuwa za Jumapili na Jumapili, zimeshuka mpaka mwisho wa ukurasa.

Habari za jioni wapendwa. Fremu 47 nimefunga salama. Poleni na kazi.

Habari za jioni wapendwa. Leo mvua, hakujaja mtu, lakini nashukuru Mungu. Fremu 47 nafunga. Asanteni kwa kutulinda.

Habari za jioni wapendwa. Leo ni siku aliyofariki mama watoto, nimekaa dukani maana nyumbani kuko kimya sana. Sina tatizo, nimesalimia tu. Rogath, fremu 47. Najua mna kazi nyingi, msihangaike kujibu.

"Alidhani kuna mtu anasoma," Joyceline alisema.

"Soma ya mwisho."

"Siwezi."

Severa akasogeza kiti, akaisoma mwenyewe kimoyomoyo. Alipomaliza, alitoa kitambaa, akajifuta uso, akasoma tena kutoka mwanzo, safari hii kwa ajili ya kazi. Kisha akasema, "Ichape. Na saa iliyoingia ionekane. Halafu weka sahihi yako hapo chini, na usiguse kitu kingine kwenye kompyuta hii mpaka vijana wangu waje."

"Nirekebishe lile la sifuri kwanza? Mtu mwingine akituma sasa hivi..."

"Piga simu walinzi wote, waambie leo wapite fremu kwa fremu kwa miguu. Kompyuta isubiri."

Alimpigia mkuu wa kituo akiwa kwenye ngazi. Mkuu alisikiliza bila kukatisha, jambo ambalo Severa hakulikumbuka kutokea kabla.

"Zakayo si yuko Tunduma?"

"Alisindikizwa stendi, mkuu. Hakuna aliyemwona anafika. Mzee alimwona mlangoni kwake, yeye na mwenzake. Ameandika jina."

"Nitawaamsha vijana. Na huyo mlinzi?"

"Kesho haendi mahakamani."

Mkuu akavuta pumzi. "Haendi. Nakuja kuweka sahihi."

Jua lilikuwa bado halijazama Severa aliporudi kituoni. Alimkuta Twaha amekaa ukutani, magoti kifuani. Akamfungulia mwenyewe, wakakaa tena kwenye lile benchi la korido, pale pale pa asubuhi.

"Simu yako kweli haikulia," Severa alimwambia. "Meseji ilifika kwenye mtambo, mtambo ukaigeuza sifuri, ukaiweka kando. Haikukufikia. Mkuu anakuja, utalala kwenu leo."

Twaha aliitika kwa kichwa. Alikuwa mtu aliyetakiwa kufurahi, na Severa alisubiri, lakini furaha haikuja.

"Alisema nini, afande?"

"Ni ushahidi, Twaha. Utausikia mahakamani."

"Mimi ndiye aliyekuwa anamsikia akikohoa. Alisema nini?"

Severa aliangalia korido. Hakukuwa na mtu. Akaikunjua karatasi, na kwa kuwa Twaha hakunyoosha mkono kuipokea, akamsomea.

"'Habari za jioni wapendwa. Poleni na kazi ya Jumapili. Ni mzee Rogath, fremu 47, spea za cherehani. Samahani kwa usumbufu. Fundi Zakayo niliyemwachisha yupo mlangoni na mtu nisiyemjua, na naona hawajaja kwa heri. Roho haitaki kufungua, lakini naona aibu kumwacha mtu mlangoni. Mkipata nafasi naomba mmoja wenu apite.'"

Kulikuwa na mstari umebaki. Alifikiria kuukunja na karatasi, halafu akaona huo si wake kuuficha.

"'Twaha kama anakula, mwacheni amalize kwanza. Mungu awabariki.'"

Kutoka mbali, upande wa Kariakoo, adhana ya magharibi ilianza. Twaha hakuinuka. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Sikuwa nakula, afande," alisema. "Nilikuwa nimekaa tu."